Darasa la Literature la Jumamosi hapa mjini: mwanangu kasoma mwaka na nusu, haya ndo niloyaona

Mama watatu wa kanisani wameniuliza suala moja ndani ya mwezi mmoja, yule mtoto wako literature anasomea wapi, na kila mmoja nimemjibu nusunusu mana tulikuwa njiani, kwahiyo leo nimekaa niandike yote pahala pamoja ili anaetafuta asome mwenyewe aamue. Jina la darasa silitaji na la mwalimu silitaji, mwenyewe hapendi kutangazwa, alafu na mimi nina malalamiko yangu humu na si vizuri kumtaja mtu kisha ukamlalamikia mbele za watu. Anaetaka kuelekezwa aniulize tukionana.

Ni darasa la Jumamosi asubuhi, saa tatu mpaka saa sita na nusu, kwenye ukumbi wa kanisa hapa Unguja mjini, la watoto wa Form 5 na Form 6 wanaosoma fasihi ya Kiingereza. Linaitwa darasa la kikristo mana linaanza kwa zaburi na sala fupi na mwalimu haifichi imani yake akifundisha, lakini hazuiwi mtu, kati ya watoto kumi na nne wa mwaka huu watatu ni waislamu, wazazi wao waliambiwa tangu mwanzo darasa lilivyo na wakaridhia. Ada ni elfu tano kwa Jumamosi, mtoto asipokuja hulipi.

Mie ni fundi cherehani, niko Mwanakwerekwe. Binti yangu saivi yuko Form 6, anachukua HKL, yani Historia, Kiswahili na Kiingereza. Jumamosi nampeleka mwenyewe, na kwa kuwa kwenda na kurudi mara mbili ni nauli ya bure nakaa pale pale kiti cha nyuma na kazi zangu za mkono, natia pindo, nashona vifungo, nasikiliza. Mwalimu hajanikataza hata siku moja. Kiingereza changu kidogo, skuli niliishia Form 2, lakini kikisomwa taratibu nafahamu, na yeye anasoma taratibu kweli kweli. Kwahiyo haya nayaandika kama mtu alokuwepo, sio kama mzazi alosimuliwa na mtoto.

Kabla ya hapo alikuwa tuisheni nyengine na hiyo ndo ilonifanya nihangaike. Kule walikuwa wanapewa vitini tu, kila kitabu kina kitini chake kurasa nane au tisa, muhtasari, dhamira sita, wahusika, basi, unakariri unaenda kuandika. Siku moja nikamuuliza mwanangu hichi kitabu chenyewe kiko wapi tukinunue, akanambia mama sie hatujawahi kukiona. Miezi minne mtoto anaandika insha juu ya kitabu ambacho hajakishika mkononi, na mimi nalipa. Iliniuma sana. Na huku kanisani kwetu nako, mtu mzima mmoja tunaemheshimu alimkuta mwanangu na riwaya, akaifunua pahala penye mambo ya kutazamia na miungu ya kienyeji, akamwambia mwanangu achana na haya yatakutoa kwenye wokovu, soma Biblia. Mtoto akarudi nyumbani kimya. Mtihani unamtaka asome, kanisa linamtaka asisome, anakuja kwangu mimi mama yake nimwambie afate lipi na sina la kumwambia.

Kwahiyo siku ya kwanza nilipoenda kwa huyu mwalimu sikuuliza ada, niliuliza hilo. Shikamoo mwalimu, marahaba mwanangu, nikamueleza yote. Akaniachia nikamaliza, alafu akasema, "Hiyo Biblia yenyewe mna mwanamke wa Endori mle anapandisha mizimu, mna Daudi na mke wa mtu, mna ndugu walomuuza ndugu yao. Mungu hakuogopa kutuandikia. Ila mtoto asiachiwe kitabu peke yake, akae nacho pamoja na mtu mzima." Nikamuandikisha siku ile ile.

Sasa anavyofundisha. Kitini hamna. Mtoto anakuja na kitabu na daftari kubwa, na lile daftari lina kanuni yake: ukurasa wa kushoto unaandika kitabu kinasema nini, na namba ya ukurasa kilipotokea, wa kulia unaandika wewe unaonaje, imani yako inasemaje, umekubali wapi umekataa wapi. Kushoto na kulia havichanganywi. Mtoto akisimama akasema "mwandishi anatufundisha tumche Mungu", mwalimu anamwambia onyesha mstari. Kama hana mstari anaambiwa hilo lihamishie kulia, ni lako, sio la mwandishi. Yani hilo neno "onyesha mstari" limeingia mpaka nyumbani kwangu, nikimwambia binti yangu kuwa jana alinijibu vibaya ananambia mama onyesha mstari, nikamkanya, lakini moyoni nikaona kumbe kitu kimekaa.

Kwa mtihani hili ni muhimu kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Anaesahihisha hataki ushuhuda wako wa kuokoka, anataka hoja na mfano kutoka kwenye kitabu. Watoto wetu wa kanisani wanaanguka hapo khasa, wanaandika mahubiri mazuri wanapata alama mbili.

Kitabu cha kwanza nilichokisikia mwanzo mpaka mwisho pale ni Things Fall Apart cha Chinua Achebe, cha mwaka 1958. Nilikuwa nakijua kwa jina tu. Mwalimu kabla hajafungua ukurasa wa kwanza aliwaambia baba yake Achebe alikuwa mwalimu wa dini, katekista wa misheni ya Kianglikana, kwahiyo alokiandika hakuwa mtu wa nje anaelirushia kanisa mawe, alikuwa mtoto wa ndani ya nyumba. Watoto wakakaa sawa. Nami pia, mana nilikuwa nishaambiwa hicho kitabu kinawatukana wamisionari.

Wakafika kwa Nwoye, mtoto wa Okonkwo yule mhusika mkuu, anaeingia kanisani akamuacha baba yake. Mwalimu akauliza kwanini kaingia. Mikono ikapanda yote, kaguswa na Roho Mtakatifu, kaiona kweli, kaacha giza. Mwalimu akasema inawezekana, onyesheni mstari. Wakatafuta, kimya kama dakika tano hivi mpaka nikasikia uzi wangu unavyopita kwenye kitambaa. Binti yangu ndo akasimama akasoma. Achebe anasema sio lile somo la Utatu lilomvuta Nwoye, lile hata hakulielewa. Ulomvuta ni wimbo, wimbo wa ndugu walokaa gizani na kwenye hofu, na ule wimbo ukamjibu suala lililokuwa likimsumbua siku nyingi, la watoto pacha wanaolia kule porini walikotupwa na la Ikemefuna alouliwa. Ikemefuna ndo yule mtoto wa kijiji chengine alokaa nyumba moja na Nwoye miaka mitatu, akimwita Okonkwo baba, na Okonkwo akampiga panga kwa mkono wake kwa kuogopa wenzake watamuona dhaifu. Achebe anasema maneno ya wimbo yalikuwa kama matone ya mvua kwenye ardhi kavu inayohema kwa kiu.

Mwalimu akawaacha wakae na hilo. Kisha akauliza jengine, na Bwana Brown na Bwana Smith? Wote wawili wamisionari wa kanisa moja. Brown anakwenda kukaa na mzee Akunna wanazungumza habari za Mungu, hamna alomgeuza mwenziwe ila kila mmoja ametoka na kitu. Smith kaja baada yake, anaona dunia nyeupe na nyeusi tu, na chini yake mambo yakaharibika mpaka kanisa likachomwa. Mtoto mmoja wa kiume akauliza, mwalimu sasa sisi ni kina nani humu ndani? Akamjibu, "Andika kulia." Hakuongeza neno. Nimeona walimu wengi, ingekuwa mwengine hapo angetoa nusu saa ya mawaidha. Yule mtoto aliandika kurasa tatu, mama yake kanambia.

Hapa kwetu suala lile halina umbali. Wiki ilofata aliwapeleka Mkunazini, kanisa kuu lile lilojengwa pale palipokuwa soko la watumwa, soko lilofungwa mwaka 1873. Sie tunapita pale kila siku kwenda Darajani tushazoea. Aliwasimamisha mbele ya madhabahu ambapo inasemwa ndipo ulipokuwa mti wa kuwachapia watu, akawaonyesha lilipo kaburi la Askofu Steere nyuma ya madhabahu, akawaambia huyu ndo alosimamia ujenzi na ndo alokaa na watu wa hapa hapa Unguja akaandika sarufi ya Kiswahili na kukusanya hadithi zetu, na kazi yake ya kutafsiri Biblia ndo iliyoendelezwa mpaka ikatoka nzima mwaka 1891, yeye kashafariki. Na kitu kimoja mimi sikukijua maisha yangu yote na nimebatizwa hapa hapa: miaka ile ile ya 1860 walipoanza hao wamisionari, Steere alishapiga chapa hapa Unguja hadithi za Shakespeare kwa Kiswahili, zile zilosimuliwa upya na Charles na Mary Lamb. Yani Shakespeare keshasomwa kwa Kiswahili kisiwani hapa kabla ya hilo kanisa kuu la Mkunazini halijamaliza kujengwa, na karibu miaka mia kabla ya Mwalimu Nyerere hajatutafsiria Julius Caesar ya huyo huyo Shakespeare mwaka 1963. Mwalimu hakuficha na la pili, kwamba misheni ilokuja kupinga utumwa ilikuja njia moja na watu ambao mwaka 1890 waliitia nchi chini ya ulinzi wa Uingereza. Brown na Smith kwenye meli moja, ndo alivyosema.

Lakini Jumamosi nnayotaka muijue khasa ni ya Paradise ya Abdulrazak Gurnah. Kila muhula anawasomesha kitabu kimoja nje ya mtihani, na muhula ule akachagua hicho, cha mwaka 1994, cha mtu wa kwetu alozaliwa hapa mwaka 1948 akaja kupata tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021. Wazazi wawili walilalamika, mwandishi muislamu na darasa la kikristo, mwalimu akawaambia waje wakae wasikilize, hakuja mtu. Mimi nilikitafuta kwa Kiswahili, Peponi, alokitafsiri Ida Hadjivayanis, kimechapwa na Mkuki na Nyota, nikawa nasoma usiku nikimaliza kushona ili Jumamosi nisikilize nikiwa najua tuko wapi. Nakipendekeza kwa mzazi yoyote, na Kiswahili chake utakikuta ni chetu cha pwani.

Kitabu ni habari za kijana anaitwa Yusuf, ana miaka kumi na mbili baba yake anamtoa rehani kwa tajiri kwa sababu ya deni. Watoto wa kikristo walishtuka haraka, huyu si Yusufu wa kitabu cha Mwanzo kwenye Biblia, alouzwa na ndugu zake, mzuri wa sura, mke wa tajiri akamtamani. Wakafungua Mwanzo 39, mke wa Potifa, wakalinganisha, kila kitu kinakwenda. Mpaka wakafika pahala mke wa tajiri anamkamata Yusuf anakimbia na shati lake linachanika nyuma, na baadae Yusuf mwenyewe analishika hilo neno, shati limechanika nyuma. Wakakwama. Kwenye Mwanzo Yusufu anaacha vazi lake mkononi mwa yule mwanamke anakimbia nje, na lile vazi ndo linalomtia gerezani mana ndo ushahidi wa uongo. Hamna kuchanika mle. Binti yangu akasema labda Gurnah kabadilisha.

Hapo mtoto mmoja wa kike katika wale watatu wa kiislamu, ambaye miezi yote alikuwa kimya mno, akanyanyua mkono. Akasema hapana, haijabadilishwa, hiyo iko kwetu, Sura Yusuf. Akaisimulia pale pale bila kitabu: wakakimbilia mlango wote wawili, yule mwanamke akamchania kanzu kwa nyuma, wakamkuta mume mlangoni, na shahidi katika jamaa zake mwanamke akasema itazameni kanzu, ikiwa imechanwa mbele mwanamke kasema kweli, ikiwa imechanwa nyuma yeye ndo muongo. Ilikuwa imechanwa nyuma. Kwahiyo kanzu ndo ilomtakasa.

Ukumbi mzima ukanyamaza. Nguo moja, sehemu moja inamtia mtu jela na sehemu nyengine inamvua lawama, na huyu Gurnah kaichukua ile ya Sura Yusuf kaiweka kwenye shati la kijana wa pwani. Mwalimu alikuwa kasimama karibu na dirisha, nilimuona anavua miwani anaifuta, akamwambia yule mtoto njoo mbele uwafundishe wenzio. Akaenda. Akafundisha robo saa, kwa Kiingereza, mtoto ambaye alikuwa hasemi. Mwalimu kakaa kiti cha mwanafunzi anaandika.

Nilipofika nyumbani nilifungua Mwanzo nikasoma tena kuanzia 37 mpaka 50, na nilivyokuwa nikisoma nikawa naiona nguo kila pahala, ile kanzu aloshonewa na baba yake wakaichovya damu, lile vazi la kwa Potifa, kisha Farao anamvika kitani nzuri. Mie fundi wa nguo na miaka yote sikuwahi kuiona. Nimeiona kwa sababu ya mtoto wa kiislamu kwenye darasa la kanisa. Na anaenambia mwanangu atapoteza imani kwa kusoma riwaya, mimi namwambia wangu Jumamosi ile alirudi akakaa na Biblia mpaka saa sita usiku na sikumtuma.

Sasa malalamiko, na sitayapunguza.

Mwaka jana mwalimu aliugua akakaa nje miezi miwili, akaletwa kijana kumshikia. Kijana mwenye bidii, simtii makosa ya nia, lakini aliyageuza masomo yote kuwa ibada. Walikuwa wanasoma Song of Lawino, shairi refu la Okot p'Bitek wa Uganda, lile la mwaka 1966, Lawino analalamika mumewe Ocol kamdharau yeye na mila zote za Waacholi. Kuna sehemu Lawino anahadithia alivyokwenda darasa la ubatizo wakawa wanakaririshwa maneno wasiyoyajua kama kasuku, akaona bora atoke akacheze ngoma na wenziwe. Na anauliza masuala, nani kamuumba Muumba, na wale wa kumjibu wanakasirika. Kijana wetu akafika hapo akafunga kitabu. Akawaambia huyu ni mwanamke asieokoka, tumuombee, tuendelee. Wiki nne za baadae kila insha ya kila mtoto ilikuwa inamaliza kwa kusema mwandishi anatuonyesha ubaya wa kumkataa Yesu. Binti yangu alipata alama kumi na moja kwa mia kwenye zoezi la skuli, mwalimu wake wa skuli akaandika kwa wino mwekundu "umesoma kitabu kipi?" Nililipa ada wiki zote hizo na hakuna alotuambia kwamba mwalimu amebadilika mpaka tulipofika mlangoni. Hilo ni kosa, wazazi tungepewa khabari tuchague.

Mwalimu aliporudi, amekonda, sauti imeshuka, kitu cha kwanza alifungua Lawino pale pale ilipofungwa. Akauliza kwani kuna ubaya gani kuuliza nani kamuumba Muumba? Ayubu hakuuliza? Akawaambia Lawino hakumkimbia Mungu, kawakimbia watu wasiotaka kuulizwa, na kama nyie mtakuja kufundisha watoto wa Jumapili mkumbukeni. Alafu wakaingia kwenye majina, Ocol anaetaka aitwe Milchizedek Gregory na mkewe hawezi kulitamka, na kila mtoto akaambiwa aandike jina lake la ubatizo na la nyumbani na nani kampa na kwanini. Binti yangu alikuja kuniuliza jina la bibi yangu. Nikamwambia mpaka tulipofikia, bibi mzaa bibi alilelewa misheni Mbweni, zaidi ya hapo hatujui jina lake la kwao lilikuwa nani. Akaliandika hivyo hivyo, hatujui. Siku hiyo darasa lilikuwa zito na lilistahiki kuwa zito.

Malalamiko mengine madogo nayapitia haraka. Vitabu haviwatoshi, wanasoma wawili kitabu kimoja na nakala za fotokopi nyengine zimekosa kurasa, walipokuwa na Achebe kulikuwa na kurasa zilizoruka na mtoto alodurusu kwa ile fotokopi hakujua kilomtokea Ikemefuna. Nunueni kitabu chenyewe kama mnaweza. Feni moja, Januari na Februari ukumbi ni moto, umeme ukikatika ndo basi. Choo kimoja wanatumia wote wasichana na wavulana, nimelisema mara mbili. Na mazoezi ya kwaya yanaanza saa sita kamili ukumbi wa jirani, ile nusu saa ya mwisho mwalimu anashindana na kinanda, na sauti yake siku hizi haifiki nyuma. Nakaa nyuma najua.

Na kwa wanaotaka maksi tu: mwezi wa kwanza wa pili mtoto atashuka. Msitaharuki. Yule alozoea kukariri anapoambiwa atafute mwenyewe anapotea kwanza. Wangu alishuka mpaka nikataka kumrudisha kwenye vitini, kisha akaanza kupanda, na mitihani miwili ya skuli ya mwisho kapata B zote mbili, na kile alichoandika najua ni chake. Mwalimu hafundishi mbinu za kubashiri mtihani kabisa, anaetaka hiyo hapa si pahala pake.

Kuna kipindi kimoja nimekiweka mwisho. Wiki moja kabla ya Pasaka wakafanya shairi fupi la George Herbert, padri wa kijiji kule Uingereza, alikufa mwaka 1633 na mashairi yake yakatoka mwaka ule ule. Beti tatu tu. Mgeni amefika mlangoni, Upendo unamkaribisha, na yeye anarudi nyuma, amejaa vumbi na dhambi, anaona haya. Mwalimu akasema nyie watoto wa Unguja mnalijua hili kuliko Waingereza. Mtu kapiga hodi wakati wa chakula, anaambiwa karibu, anasema ahsante nimeshiba, nyie endeleeni, na hajala tangu asubuhi. Mwenye nyumba anafanya nini? Watoto wakasema wote pamoja, anamshika mkono! Akasema someni. Na kweli, shairini Upendo unamshika mkono, unatabasamu, unamuuliza nani kayaumba hayo macho unayoona haya kunitazama nayo. Mgeni bado anabisha, basi niache nihudumu. Anaambiwa kaa, kula.

Akawaambia wauhesabu mstari wa mwisho. Maneno sita, kila neno silabi moja, So I did sit and eat, yani basi nikakaa nikala, akausoma polepole, akauliza kwanini mtu alokuwa na maneno mengi namna ile amalize kwa maneno madogo hivi. Hamna alojibu. Mimi nilikuwa natia pindo gauni la bi harusi na sindano ilisimama hapo hapo. Kuna mwaka mzima nilikuwa nikienda kanisani nakaa, meza ya Bwana inapoandaliwa natoka nje, kwa jambo langu mwenyewe baina yangu na Mungu. Jumapili ile ya Pasaka sikutoka.

Kwa hiyo nyota nne kwa tano. Moja naitoa kwa ile miezi miwili na choo. Mtoto apelekwe akiwa Form 5 mwanzoni, sio Form 6 miezi miwili kabla ya pepa, mana hamna cha haraka pale. Anaanza kupokea wapya Jumamosi ya kwanza baada ya sikukuu ya Mapinduzi. Aje na daftari la kaunta kubwa, kalamu mbili na kitabu chenyewe, vitini aviache nyumbani, na mzazi anaetaka kukaa akae. Mlango wa mbele Jumamosi unafungwa, zungukeni nyuma kwenye muembe.